Morris Minor inayovuja oili kwenye klachi: safisha njia ya kupumulia kabla ya kufungua injini

Mwenye Morris Minor hapa Nairobi akiona oili inadondoka chini ya klachi, jambo la kwanza analoambiwa gereji ni kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini lazima ifunguliwe. Ushauri huo hutolewa mara nyingi kabla mtu yeyote hajainama kutazama bomba la kupumulia, yaani njia ya kutolea gesi za ndani ya injini, na umewagharimu wenye magari haya pesa nyingi ambazo hazikuhitajika.

Kila injini, hata iliyo mpya, hupitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni wakati petroli inapowaka. Gesi hizo huingia katika krankikesi, yaani tumbo la injini, pamoja na mvuke wa maji na wa petroli, na zisipopata njia ya kutokea hujenga shinikizo. Katika Morris Minor 1000, ya silinda za sentimita za ujazo 948 iliyoanza mwaka 1956 na ya 1,098 iliyofuata mwaka 1962, njia hizo kwa kawaida ni mbili: mpira unaotoka kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, hadi kisafisha hewa cha kabureta, na bomba la chuma linaloshuka kutoka kifuniko cha ubavuni, chini ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi), hadi chini ya gari, ambako upepo unaopita huvuta gesi nje. Gari likisimama kwenye foleni ya Uhuru Highway hakuna upepo wa kuvuta chochote, kwa hiyo njia zote mbili zinapaswa kuwa safi kabisa ili gesi zitoke zenyewe.

Jambo linaloifanya injini hii isamehe kidogo sana ni kwamba nyuma ya krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hakuna sili ya mpira ya kuzuia oili. Kuna mifereji tu iliyochongwa kama nyuzi za skrubu, ambayo huirudisha oili ndani shafti inapozunguka. Shinikizo dogo la krankikesi huishinda mifereji hiyo, na oili huenda moja kwa moja kwenye klachi.

Anza kwa kupima oili gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu oili iliyozidi alama ya juu huleta dalili zilezile. Kisha washa injini ipate moto, ukiwa nje au mahali penye hewa ya kutosha, iache izunguke polepole, ufungue kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikitikisika kidogo, hiyo ni kawaida. Ikirushwa kwa nguvu, ama njia zimeziba ama gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi, na bado huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Zima injini, iache ipoe, inua gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Chunguza mdomo wa bomba la chuma kwa tochi. Mwaka jana nililetewa Minor ya rangi ya kijani ambayo klachi yake iliteleza kila ilipopanda Museum Hill, na gereji moja ilikuwa tayari imempangia mwenyewe gharama ya kufungua injini nzima. Mdomoni mwa bomba lile nilikuta gunzi la mahindi, jeusi kwa oili, limegongwa kwa nyundo hadi likawa sawa na ukingo wa chuma. Mtu alitaka kuzuia matone yasichafue maegesho. Nililivuta kwa koleo vipandevipande, na siku ileile nilipima kompresheni, yaani shinikizo ambalo pistoni hujenga ndani ya silinda: silinda zote nne zilikuwa karibu sawa. Klachi ilikuwa imelowa na ilibidi ibadilishwe, lakini ringi hazikuguswa. Ninaomba kila anayesoma haya asizibe bomba hilo kwa sababu yoyote. Nyigu wanaojenga kwa udongo nao huliziba gari likikaa bila kutembea, kwa hiyo pitisha waya mpaka uhakikishe bomba liko wazi mwanzo hadi mwisho.

Ondoa kifuniko cha ubavuni chenye bomba na ukiloweke katika mafuta ya taa usiku mzima, hasa kama kina kikopo chenye wavu wa waya ndani, kisha kikaushe kwa hewa ya kompresa. Unapokirudisha weka gasketi mpya ya koki na ukaze boliti kwa kiasi tu, kwani bati lake hupinda upesi na likishapinda litavuja daima. Osha pia wavu ulio ndani ya kifuniko cha kujazia oili. Mpira wa juu uwe wa aina inayostahimili oili. Mpira wa maji hulainika, hujibana, na kuziba njia uliyoisafisha.

Iwapo injini imewekewa valvu ya kupumulia ya Smiths juu ya manifoldi, kama ile ya magari ya MGB ya katikati ya miaka ya 1960, ipime injini ikiwa na moto: fungua kifuniko cha oili, na mzunguko uongezeke kwa takriban 200 kwa dakika. Usipobadilika, fungua valvu uisafishe na utazame kama kiwambo chake cha mpira kimepasuka.

Baada ya hayo yote ndipo upime kompresheni, na hapa Nairobi usome geji kwa uangalifu. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini ambayo kitabu kinaitarajia itoe pauni 150 kwa inchi ya mraba itatoa kati ya 120 na 125 ikiwa nzima kabisa, na geji ya mvuto wa manifoldi itakayosoma inchi 18 za zebaki Mombasa itasoma 12 au 13 hapa. Linganisha silinda moja na nyingine kuliko kulinganisha na kitabu. Silinda iliyo chini, itilie kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na uipime tena: ikipanda sana, ringi zimechoka kweli, isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi.

Mwaga oili ya zamani ikiwa bado na moto, badilisha filta, jaza oili ya daraja la 20W-50, kisha endesha gari kwa wiki moja kabla ya kurudia jaribio la karatasi.