Somo: Methionini na laisini kwa ng'ombe wa maziwa, anzia horini kabla ya dukani

Wafugaji wenzangu wa Arusha na Moshi, pakiti za "amino" zinauzwa na wengi mnauliza kama zinaongeza maziwa. Amino, yaani asidi amino, ni vipande vidogo vinavyojenga protini; methionini na laisini ni mbili kati yake. Kwa ng'ombe wengi wa huku, wale wa lita 6 hadi 10 kwa siku, zamu ya pakiti hizo haijafika. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua protini inapita wapi
Ng'ombe si kuku. Chakula kinashukia kwanza kwenye tumbo kubwa, na humo vijidudu huvunja sehemu kubwa ya protini ili vijijenge vyenyewe. Baadaye vijidudu hivyo husukumwa mbele, humeng'enywa, na ng'ombe hupata asidi amino zake nyingi kutoka kwao. Ndiyo maana methionini ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku, ukiimwaga kwenye pumba za ng'ombe, sehemu kubwa haifiki utumbo mwembamba. Hela imeishia hapo.

Hatua ya 2: Shibisha vijidudu kwanza
Kata majani ya tembo yakiwa kimo cha mita 1 hivi. Yakishampita mtu urefu ni bua tu, protini imeshuka. Weka pumba au molasi kidogo kwa ajili ya nguvu, na maji yasikauke bandani.

Hatua ya 3: Changanya vinavyofidiana
Hapa ndipo penye kazi. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, methionini na laisini ndizo huwa za kwanza kupungua. Mahindi yana laisini kidogo. Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri lakini laisini yake hafifu, kwa hiyo anayelisha pumba na alizeti peke yake anaziba tundu moja na kuacha la pili wazi. Soya ni kinyume: laisini ipo, methionini ndiyo haba. Vikikutana vinasaidiana.

Kwa kilo 100: pumba za mahindi 67, mashudu ya alizeti 20, soya iliyokaangwa 10, madini 2, chumvi 1.

Soya ikaangwe kwa moto wa wastani huku ukikoroga. Vunja punje: ndani ikiwa kahawia hafifu na inanukia, ipua. Joto hilo huisaidia protini isivunjwe haraka tumboni. Ukiiunguza hadi iwe nyeusi, laisini hufungwa na ng'ombe haipati tena. Mashudu nayo yanuse kabla ya kulipa. Yenye ukungu usichukue hata kwa bei ya kutupa, maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa tunayokunywa.

Hatua ya 4: Amino zilizofunikwa
Zipo zilizofunikwa kwa mafuta au utando ili zivuke tumbo kubwa salama. Zinamfaa ng'ombe wa lita 25 na zaidi ambaye lishe yake imeshakaa sawa, hasa kuanzia wiki 3 kabla ya kuzaa na miezi ya mwanzo ya kukamuliwa. Uwiano unaolengwa ni laisini 3 kwa methionini 1. Usizisage, utapasua utando. Na mara nyingi kinachopanda kwanza ni protini ndani ya maziwa, si lita. Kama mnunuzi wako analipa kwa lita tu, piga hesabu upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Usa River: Mkuu, nimebakiwa na methionini ya kuku. Niitupe?
Jibu: Usitupe, wape kuku.

Mwanachama, Kibosho: Shikamoo mwalimu. Ng'ombe wangu anakula migomba na majani ya guatemala, anatoa lita 6. Amino itampandisha?
Jibu: Marahaba mama. Hapana. Mgomba karibu wote ni maji. Panda lukina, mti wa malisho, kwenye mipaka ya kihamba (shamba la nyumbani), mpe majani yake yasizidi theluthi ya malisho, kisha ongeza mchanganyiko wa hatua ya 3 kidogo kidogo. Kadiri kilo 1 kwa kila lita 2 zinazozidi zile anazotoa kwa majani peke yake.

Mwanachama, Njiro: Kaka, urea si ndiyo protini ya bei rahisi?
Jibu: Urea haina asidi amino hata moja. Inavipa vijidudu nitrojeni, navyo vinahitaji wanga wa kutosha ili viitumie. Isizidi kilo 1 katika kilo 100 za mchanganyiko, ichanganyike vizuri, na ndama wasiiguse. Ikiyeyuka kwenye maji ya hori ng'ombe akayanywa, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Na usiiweke pamoja na soya mbichi, kwa sababu soya mbichi huivunja urea ikawa amonia.

Mwanachama, Marangu: Dagaa je? Naambiwa maziwa yatanuka.
Jibu: Dagaa wana laisini na methionini zote mbili, na protini yao haivunjwi haraka. Ukizidisha, harufu inaweza kuingia kwenye maziwa kweli. Weka wachache, waliokauka vizuri na wasio na mchanga, na uwape baada ya kukamua.