Do Huhama: Nota kwa Mwimbaji Anayeanza

Nafundisha kwaya hapa Igoma, Mwanza. Kila mwaka wanakuja vijana wenye sauti tamu ambao karatasi ya nota huwatisha. Tuanzie mguuni.

Hatua ya 1: Pigo. Gonga mguu chini kwa usawa, kama wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, wanavyoshusha majembe kwa pamoja. Kila kishindo ni pigo moja. Kasi ya mapigo ni mwendo. Mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya mapigo hayo ndio mdundo. Ukiongeza mwendo, mdundo ni uleule, unapita haraka tu.

Hatua ya 2: Kipimo. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, ukikaza moja. Hicho ni kipimo cha mapigo manne. Kwenye karatasi yetu ya nota za do-re-mi, mstari wa wima hufunga kipimo, nukta pacha (:) hutenganisha mapigo, na kistari (–) kinakuambia uendelee kushikilia sauti.

Hatua ya 3: Ngazi. Hapa usiharakishe, mimi hukaa hata wiki mbili. Imba polepole do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Vidato vya ngazi hii havilingani. Mi kwenda fa, na ti kwenda do ya juu, ni nusu toni, yaani hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata mara moja. Kwingine kote ni toni nzima, yaani nusu toni mbili. Kwaya ikianza kushuka, mara nyingi nakuta kosa liko kwenye ti: imeimbwa chini mno. Iinue, iegemee do.

Hatua ya 4: Ufunguo. Do haina makazi ya kudumu; ufunguo ndio unaokuambia inakaa kwenye kitufe gani cha kinanda, na vitufe vyeupe huitwa kwa herufi A hadi G. Ikiandikwa "Do ni C", ngazi yote inakaa kwenye vitufe vyeupe vya kinanda. Ikiandikwa "Do ni G", la inaangukia E. Kutoka hapo ti inadai toni nzima, na F iko nusu toni tu, kwa hiyo mpiga kinanda anabonyeza kitufe cheusi, F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu toni. Wewe mwimbaji hubadilishi kitu: pokea do mpya, panda ngazi ileile.

Hatua ya 5: Sauti kwa pamoja. Tafuta wenzako wawili. Mmoja ashikilie do, wa pili mi, wa tatu so. Nyamazeni, mpeane do nyingine, mrudie. Fanyeni hivyo kwa do tatu tofauti kabla hamjafungua wimbo wowote.