Mzee wa Mombasa anapopanda bara Julai: kuulinda moyo na baridi

Usiku wa Julai Mombasa, hata kusi ikivuma, joto huwa karibu nyuzi 20 za sentigredi. Alfajiri ya mwezi huohuo Nairobi hufika 11 au 12, na Limuru huweza kushuka chini ya 10. Mzee aliyezoea shuka moja akienda huko kwa arusi au matanga, mwili wake hubana mishipa midogo ya ngozi ili joto lisitoke. Njia ya damu ikibanwa, presha hupanda na moyo hutumia nguvu zaidi. Baridi humkojoza pia, damu huzidi uzito na kuwa rahisi kuganda. Kijana huhimili hayo. Mwenye presha, kisukari au moyo dhaifu huweza kuangushwa.

Matayarisho yaanze wiki tatu kabla. Muulizeni daktari kuhusu chanjo ya mafua, maana homa hiyo huchochea mshtuko wa moyo, na chanjo huchukua kama wiki mbili kufanya kazi. Wiki ya mwisho mpimeni presha nyumbani asubuhi na jioni. Akojoe kwanza, aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pimeni mara mbili, dakika 1 katikati, muandike. Asiwe amekunywa chai au kahawa nusu saa kabla. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi, daktari auone huo mwandiko kabla ya safari. Msimuongezee dozi wenyewe.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada. Wazee wengi huacha kidonge cha kukojoza siku ya kusafiri wakiogopa kutafuta choo njiani. Kesho yake miguu imevimba na pumzi haitoshi. Daktari anaweza kukisogeza saa, kwa hivyo aulizwe mapema. Treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa, ni bora kuliko basi la usiku linalomshusha mzee alfajiri, saa ya baridi kali kuliko zote. Sweta na soksi avae tangu garini, kwa sababu ya eisi, mashine ya kupoza hewa.

Mkifika, kazi kubwa ni chumba. Shirika la Afya Duniani linashauri kisipungue nyuzi 18, nanyi mtajua kwa kutundika kipimajoto ukutani, si kwa kumuuliza mzee. Uzeeni mwili huchelewa kuhisi baridi, na anaposema "sisikii baridi" anasema kweli huku joto lake linashuka. Mguseni tumbo chini ya nguo: likiwa baridi, mwili wa ndani umeanza kupoa. Chini ya nyuzi 35 ni hatari ya hospitali. Mvisheni nguo nyepesi kadhaa, fulana, shati, sweta, kwani hewa iliyonaswa kati yake ndiyo hushika joto. Kofia na soksi avae hata kitandani.

Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama makaa yameshika na moshi umekwisha. Gesi yake haina harufu wala rangi. Hukamata nafasi ya oksijeni katika damu, na moyo mgonjwa ndio huumia mwanzo. Tumieni mpira wa maji moto: maji yasiwe ya kuchemka, ufungwe kwa taulo, utolewe kabla hajalala. Mwenye kisukari aweza kuungua mguu asihisi.

Alfajiri ndipo pa kuangalia zaidi. Akiamka aketi ukingoni mwa kitanda dakika 2 au 3, avae kabla ya kusimama, na maji ya udhu yapashwe moto. Akienda msikitini ajifunike pua na mdomo kwa shali. Siku mbili za kwanza asipande vilima: Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko aliyoizoea.

Viungo vikimuuma kwa baridi, msimpe diclofenac wala ibuprofen. Hupandisha presha na kuzuia maji mwilini. Dawa za kuzibua pua zenye pseudoephedrine au phenylephrine nazo hupandisha presha. Paracetamol ya kawaida ni salama zaidi, lakini si ile ya kuyeyuka majini, kwani ina sodiamu nyingi. Mwenye moyo dhaifu apimwe uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, daktari apigiwe siku hiyohiyo.

Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho baridi, au pumzi ikakatika ghafla, huenda ni mshtuko wa moyo: aketi, msimwache peke yake, pigeni 999 au 112. Wanawake na wenye kisukari huenda wakahisi kichefuchefu na uchovu tu. Aspirini ya miligramu 300 aitafune ikiwa haimdhuru na hana historia ya kutokwa damu tumboni. Uso ukipinda au ulimi ukiwa mzito, msimpe: hicho huenda ni kiharusi, na aspirini yaweza kuzidisha damu inayovuja ubongoni.