Santuri mpya ya jazi inasikika vibaya? Kagua mashine kwanza

Mzee mmoja mstaafu aliniletea kibandani hapa Kibuye, Kisumu, santuri mpya ya jazi, albamu ya zamani iliyochapishwa upya. "Fundi, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tarumbeta inalia kama ng'ombe." Nikamwambia arudi nyumbani akalete na mashine anayochezea santuri. Hivi ndivyo tulivyoikagua.

Hatua ya 1: Hesabu mizunguko. Bandika kikaratasi ukingoni mwa lebo, washa, tazama saa ya simu. LP, yaani santuri kubwa ya albamu, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo dakika 3 ni mizunguko 100 kamili. Ya mzee ilitoa 83! Mashine aliletewa na mwanawe kutoka Marekani, wakanunua transfoma wakadhani mambo yamekwisha. Transfoma hushusha volti 240 ziwe 120, basi. Hezi, yaani mara ambazo umeme hugeuka-geuka kwa sekunde, haizigusi: kwetu ni 50, kule 60, na mota za zamani zinazofuata hezi hupoteza sehemu moja ya sita ya mwendo. Dawa ni puli, kigurudumu cha kwenye mota, ya hezi 50, ambayo ni nene kidogo. Mota za DC, za umeme usiogeuka kama wa betri, hazina taabu hii.

Hatua ya 2: Osha. Ndiyo, hata mpya. Hutoka na unga wa karatasi ya mfuko wake. Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikifuata mistari. Suuza. Lebo isilowe.

Hatua ya 3: Pima sindano. Sindano nyingi za nyumbani hutaka kukandamiza santuri kwa uzito wa karibu gramu 2. Soma karatasi ya maelezo ya sindano yako. Watu hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchubua mistari.

Hatua ya 4: Weka santuri unayoijua. Mimi nina ya benga, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, nimeizoea kama sauti ya mama. Ikilia safi, mashine imepona. Sasa ushuku ile mpya.

Hatua ya 5: Inama, macho yawe sawa na sahani. Mkono wa sindano ukiyumba kushoto na kulia kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8, tundu halikutobolewa katikati. Sikiliza noti ndefu ya piano: itayumba kama mlevi. Mkono ukipanda na kushuka, santuri imepinda. Usiibane kwa vioo juani. Jua la Kisumu litaimaliza.

Wimbo wa mwisho wa upande ukikwaruza kidogo, usikimbilie kulaumu. Ukingoni mstari hupita chini ya sindano karibu sentimita 50 kwa sekunde, karibu na lebo kama 20 tu, na sauti kali hubanana.

Na maandishi ya "gramu 180" kwenye jalada ni uzito wa plastiki, si ubora wa sauti. Tena si kila tofauti na toleo la kale ni kosa: upande wa kwanza wa *Kind of Blue*, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1959, ulitoka na sauti ya juu kuliko ilivyopigwa, kwa sababu mashine ya kurekodi ilikwenda polepole. Ulirekebishwa miaka ya 1990.

Mzee tulimfungia puli, mizunguko ikafika 100, tarumbeta ikarudi kuwa tarumbeta. Piano bado iliyumba. Tukapiga video ya mkono ukicheza, akamtumia muuzaji siku hiyo hiyo. Anangoja jibu.