Kukagua ripoti ya usalama ya kinu cha nyuklia: lifuate joto

Anayeomba leseni ya kinu cha umeme wa nyuklia huleta ripoti ya uchambuzi wa usalama yenye maelfu ya kurasa. Ukiisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, utachoka kabla hujafika penye hatari. Anza na swali moja: kinu kikizimwa, joto linakwenda wapi?

Fito za kudhibiti zikishaingia, mpasuko wa atomi za urani hukatika ndani ya sekunde chache, lakini mabaki yake ndani ya fueli (urani inayowekwa kinuni) huendelea kutoa joto. Mwanzoni ni asilimia 6 hadi 7 ya nguvu yote ya kinu. Baada ya saa moja hubaki kama asilimia 1 na ushei, baada ya siku nzima nusu asilimia.

Usidharau nusu asilimia hiyo. Kinu kinachozalisha umeme wa megawati (MW) 1,000 hutoa joto la MW 3,000 hivi, kwa hiyo nusu asilimia ni MW 15, yaani megajuli 15 kwa sekunde. Kilo moja ya maji ya nyuzi 30 humeza megajuli 2.55 mpaka iwe mvuke wote. Gawanya: kilo 6 kwa sekunde, tani 21 kwa saa. Mwombaji akidai tangi la tani 500 linatosha kwa siku tatu, irudishe hesabu yake: halimalizi hata siku ya kwanza, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zenye joto kali zaidi. Fanya hesabu hii kwa mkono kabla ya kufungua matokeo ya programu yake ya kompyuta.

Sasa chora njia ya joto kwenye karatasi kubwa, kutoka kwenye fueli hadi baharini au hewani. Weka kila pampu na vali, halafu kila inachotegemea: kabati la swichi, betri, maji ya kupoza mota, jenereta ya dizeli, tangi la mafuta yake, tundu la kuvutia hewa. Futa kifaa kimoja kimoja uone kama njia nyingine inabaki. Waombaji wengi hufaulu jaribio hilo. Gumu ni la pili: futa kwa mpigo vyote vilivyo kwenye chumba kimoja, kimo kimoja, au vinavyotumia maji ya chanzo kimoja.

Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia cha Japani, ilianguka hapo, Machi 11, 2011. Jenereta zilikuwepo zaidi ya moja kwa kila kinu, lakini nyingi zilikaa vyumba vya chini ya ardhi. Makadirio ya kituo yalikuwa tsunami ya mita 5.7, yaliyofika yalikuwa ya mita 14 hadi 15. Jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa juu zaidi, iliendelea kufanya kazi na kuokoa vinu namba 5 na 6. Kwa hiyo andika kimo cha kila kifaa kutoka usawa wa bahari pembeni ya mchoro wako. Mchoro wa nyaya peke yake haukuonyeshi maji yatakapopita.

Umeme wa gridi nao ukaguliwe kwa hali ya nchi yenyewe. Kenya, ambayo imewahi kupima maeneo ya pwani ya Kilifi, mahitaji yake ya juu ni zaidi ya MW 2,000, na Agosti 2023 gridi yake ilizimika karibu nchi nzima. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya gridi. Ukizidi, kuzimika kwake kunaweza kuiangusha gridi ileile ambayo pampu zake zinaitegemea. Usikubali takwimu za kukatika kwa umeme zilizochukuliwa Ulaya.

Kwa ajali ya bomba la maji ya kupoza kinu kupasuka, linganisha matokeo na mipaka iliyo wazi. Kanuni za Marekani kwa vinu vya maji mepesi (maji ya kawaida) zinataka ganda la metali linalofunika fueli lisipite nyuzi 1,204 za Selsiasi, kutu yake isizidi asilimia 17 ya unene, na haidrojeni isizidi asilimia 1 ya ile ambayo ingetoka kama ganda lote lingemenyuka na maji au mvuke. Matokeo yakiwa nyuzi 1,190, uliza nguvu ya kinu iliyotumika mwanzoni: asilimia 100, au 102 ili kufidia makosa ya vipimo? Nyuzi chache zilizobaki zinaweza kuyeyuka hapo.

Uchambuzi wa uwezekano wa ajali ukidai fueli itaharibika chini ya mara moja kwa miaka 100,000, lengo la vinu vipya, tafuta kilichoachwa nje. Mara nyingi ni moto, mafuriko, bwawa la fueli iliyotumika, na kipindi cha matengenezo, kinu kikiwa kimefunguliwa.

Kila dosari iandikiwe swali lenye namba, ukurasa na ushahidi unaotakiwa. Jibu likichelewa, ligeuze sharti la leseni linalopimika. “Mwombaji ataimarisha jenereta” halipimiki. Andika: “Kabla ya kupakia fueli, kila jenereta iwashwe na kubeba mzigo wake wote mbele ya mkaguzi.” Fueli ikishaingia na kinu kikawaka, joto la mabaki halitasubiri jenereta irekebishwe.