Tairi Lililolika: Lini Lihamishwe, Lini Litupwe

Kila mwaka masika yanapokaribia, wenye magari wengi hapa Unguja na Pemba huyatazama matairi yao, wakaona mawili ya mbele yameanza kuisha ilhali ya nyuma bado yana kashata nzuri, yaani mpira wa juu uliochongwa mifereji, na wakajiuliza kama inatosha kuyabadilisha nafasi au wakati wa kununua mapya umefika. Ieleweke kwanza kwamba kuhamisha matairi hakurudishi mpira uliokwisha. Kazi yake ni kuugawa ulaji ili yote manne yaishe kwa pamoja. Kwa hiyo kila tairi lichunguzwe peke yake, ijulikane kama bado linafaa kubaki barabarani, ndipo lifikiriwe liende upande gani.

Uchunguzi huanza na kina cha kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha karibu milimita 8, na ndani ya mifereji mikuu huwekwa vituta vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukishalingana na vituta hivyo, tairi limekwisha, na nchi nyingi zimekifanya kipimo hicho kuwa mpaka wa kisheria. Ikiwa huna kipimo kama cha fundi, chomeka njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, itie alama kwa ukucha, kisha ipime kwa rula ya mtoto wa skuli. Pima ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje, na urudie mahali pengine penye mzunguko wa tairi hilo hilo. Ukingo wa ndani ndio unaojificha, kwa hiyo geuza usukani mpaka mwisho ili uuone vizuri.

Mimi sishauri kungoja milimita 1.6. Mifereji imewekwa ili ipitishe maji yanayokanyagwa na tairi, na ikishabaki chini ya milimita 3 uwezo huo hupungua sana, hata gari likienda kasi kwenye maji yaliyotuama tairi hupanda juu ya maji na kuiachia lami. Kwa mtu anayetoka Chake Chake kwenda Wete siku ya mvua, kwenye barabara ya vilima na kona, milimita 3 ndiyo ninayoihesabu kuwa mwisho.

Baada ya kina, tazama umri, na hapa ndipo tunapokosea zaidi visiwani. Safari zetu ni fupi: kutoka Mjini hadi Nungwi hakufiki kilomita 70, na gari la nyumbani linalotoka Fuoni kwenda Darajani na kurudi linaweza kukaa miaka mingi kashata zake zikiwa bado zimesimama, huku jua na joto vikiukausha mpira kila siku. Tena matairi mengi tunayoyatumia ni ya mtumba, au yamekuja pamoja na magari yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa tayari na umri wake. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT na usome tarakimu 4 za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, chungulia upande wa ndani, kwani mara nyingi hupigwa upande mmoja tu. Tairi likishapita miaka 6, likaguliwe kila mwaka; likifika miaka 10, liondolewe hata kama kashata zake ni nzima, na tairi la akiba lihesabiwe vivyo hivyo. Gari langu la kwanza lilikuwa na kashata nene zilizonidanganya. Sikuisoma tarehe, na ubavu wa tairi la nyuma ukapasuka njiani baina ya Jozani na Paje, nikiwa na watoto ndani. Tangu siku hiyo husoma tarehe kabla ya kuuliza bei.

Kuna kasoro ambazo hazina mjadala. Ubavu uliotoa uvimbe una nyuzi zilizokatika ndani. Tairi linaloonyesha nyuzi au waya, au lenye mipasuko iliyoingia ndani ya mpira, halifai kuhamishiwa popote. Njia za shamba zenye mawe makali hukata ubavu kwa urahisi, na tundu la ubavuni halizibwi kwa kiraka, hata fundi akikuhakikishia kwamba litashika.

Tairi likipita hapo, lisome lilivyolika. Kingo zote mbili zikiisha kabla ya katikati, gari limekuwa likienda na upepo mdogo. Katikati ikiisha kwanza, upepo umezidi. Ukingo mmoja ukiliwa peke yake, mara nyingi alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imeharibika, au tairodi (vyuma vinavyoyageuza magurudumu kwa usukani) na viungo vyengine vya mbele vimelegea. Mabonde mabonde yanayojirudia kwenye mzunguko wa tairi mara nyingi ni dalili ya shokapu zilizochoka au gurudumu lisilobalansiwa. Yote haya yatengenezwe kwanza. Ukilihamisha tairi bila ya kuondoa sababu, lile jema utakalolileta mahali pake litaliwa vilevile, na baada ya miezi michache utakuwa umepoteza mawili.

Kuhamisha kunafaa pale ambapo matairi ni mazima, hayajazeeka, na tofauti ya kina baina ya mbele na nyuma ni ndogo, tuseme milimita 1 au 2. Kwa hiyo kufanywe mapema, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Vitz na IST nyingi, hula zaidi matairi ya mbele: hayo yapelekwe nyuma moja kwa moja, na ya nyuma yaletwe mbele kwa kupishana, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hufanyiwa kinyume chake: ya nyuma yaje mbele moja kwa moja na ya mbele yapishane yakienda nyuma. Tairi lenye mshale ubavuni hubaki upande wake, mbele au nyuma, na gari ambalo matairi yake ya mbele na ya nyuma hayana saizi moja halihamishwi hivi.

Tatizo ni pale tofauti inapokuwa kubwa. Chukua gari lenye milimita 2 mbele na 6 nyuma. Wengi wangeyapeleka yale ya mbele nyuma wakaona wamepata nafuu, kumbe wameyaweka mabovu mahali penye hatari zaidi wakati wa mvua. Tairi la mbele likiteleza, dereva hulihisi kwenye usukani, na akiachia mafuta taratibu gari huweza kushika tena. La nyuma likiteleza, gari huzunguka, na madereva wachache sana wanaweza kulirudisha. Kwa gari kama hilo, yale ya milimita 6 yaje mbele, yale ya milimita 2 yatupwe, na mawili mapya yafungwe nyuma. Fundi anaweza kukuambia mapya huwekwa mbele kwa sababu ndiko kwenye usukani. Mwombe kwa upole afunge nyuma. Ikiwa gari lako huendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote, angalia kitabu chake kwanza, kwa sababu tairi jipya na lililolika hazizunguki sawasawa na tofauti hiyo huichosha mitambo inayogawa nguvu. Mara nyingi huwa hapana budi kununua yote manne.

Kazi ikimalizika, magurudumu yabalansiwe, na upepo upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva, kwani tairi lililopata moto huonyesha zaidi ya lilivyo. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari la gari. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama pahala pa tambarare uzikaze tena nati zote kwa spana, moja baada ya nyengine kwa kupishana.