Jinsi ya kuandika "ingekuwaje kama" ya Mwalimu Nyerere

Wengi wakianza hii kitu, yaani hadithi ya kugeuza historia, wanaanzia mbali mno, eti ingekuwaje kama Nyerere asingekuwepo kabisa. Hapo umeshapotea, ukimtoa mtu mwenyewe kabisa hubakiwi na cha kushika, lolote linawezekana. We tafuta uamuzi mmoja, na uwe ule ambao kweli ulikuwa mezani.

Mi napenda mwisho wa 1979. Vita ya Kagera imeisha, hazina imekauka, mafuta yamepanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, na wananchi wameambiwa wafunge mikanda miezi 18. Edwin Mtei, waziri wa fedha, anataka tuelewane na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu akagoma, Mtei akajiuzulu. Geuza hapo tu, Mwalimu aseme "haya, sawa".

Ukishageuza usikimbilie nchi ya maziwa na asali, nenda mwaka kwa mwaka na kila mwaka uliza nani kaumia. Chukua mama wa Dar aliyekuwa anadamka alfajiri kupanga foleni ya sabuni: labda 1981 anaikuta imejaa dukani, mche mzima, anaugeuza geuza mkononi, anauliza bei, anaurudisha palepale. Foleni imekufa ila sabuni bado hana.

Alafu vitu visivyomsikiliza rais viache kama vilivyo, bei ya mafuta duniani, ukame, bei ya katani. Na usimbadilishe Mwalimu tabia jamani, wengi ndo wanachemka hapo. Huyu ni mtu wa Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, akisaini leo kesho anawasema hao hao IMF jukwaani. Tena kumbuka 1980 serikali ilisaini nao kweli, na mkataba ukafa mapema tu, kwa hiyo ukiandika kwamba sahihi moja ingemaliza kila kitu tutakucheka.

Utamu uko kwenye matokeo ya pembeni, usiyaruke. Mtei ndiye aliyeanzisha chama cha upinzani cha Chadema 1992; akibaki wizarani, kinaanzishwa na nani? Na 1985 Mwalimu anang'atuka vilevile, ila Mwinyi, rais anayemfuata, anakuta milango ilishafunguliwa, hana IMF ya kusaini nayo 1986 wala biashara ya kuruhusu. Sasa jina lake la Mzee Ruksa tungempa kwa lipi?